Wati za Kwenye Boksi na Masikio ya Dukani

Ingia duka lolote la redio hapa Mombasa, kuanzia Mlaleo hadi Changamwe, utaikuta namba imechapwa kwa tarakimu nene ubavuni mwa boksi: wati 5,000, wati 10,000, pengine zaidi, na mbele yake herufi nne, PMPO. Sasa ligeuze boksi usome kibati kilichobandikwa pale waya wa umeme unapotokea. Hapo pana namba nyingine, ndogo, ambayo muuzaji hakuonyeshi: volti 240, hezi 50, wati 60. Plagi ya pini tatu tunayotumia Kenya hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha 13 kwa 240 upate 3,120. Soketi ya nyumbani haiwezi kukipa chombo zaidi ya wati hizo kwa muda wowote wa maana, seuze chombo chenyewe kitoe wati 10,000 za sauti.

PMPO hudaiwa kuwa kilele cha nguvu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Hakuna kanuni moja ya kukipima kilele hicho. Kila kiwanda hujipangia chake. Marekani waliuona mchezo wa namna hii mapema, na mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ikawataka watengenezaji wa amplifaya za nyumbani watangaze nguvu inayoweza kutolewa mfululizo, pamoja na kiwango cha sauti kuharibika katika nguvu hiyo. Kwetu namba ya tangazo bado ndiyo inayouza.

Uongo huo umezaa watu wa upande wa pili, wasiotaka tena kusikia habari za namba. Kwao spika huchaguliwa kwa kuwashwa: weka wimbo, ongeza sauti, kifua kikitetemeka lipa uondoke. Nawaelewa, lakini siko nao. Kipimo cha kweli huja na masharti yake yameandikwa kando: wati ngapi, kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa masafa gani. Namba ya boksi haina hata moja ya hayo, na usikilizaji wa dukani nao hauna. Vyote viwili vina kasoro ileile.

Tazama duka lenyewe. Mengi ni vyumba vidogo vya matofali, sakafu ya simiti, mlango mmoja. Chukua chumba chenye urefu wa meta 4. Kwa joto letu la digrii 30, sauti husafiri karibu meta 349 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake yaenea barabara kati ya kuta hizo mbili ni la karibu hezi 44, na sauti ya masafa hayo hugonga ukuta, ikarudi, ikajiongeza juu yake yenyewe. Ndiyo sababu sabufa ndogo hupiga besi nzito dukani. Ipeleke uwanjani chini ya hema, kuta hazipo, besi nayo imekonda. Sehemu ya ile besi uliyoilipia ilikuwa ya chumba cha muuzaji, na chumba umekiacha Mlaleo.

Kisha kuna hila ya kupandisha sauti, ambayo muuzaji aweza kuifanya hata bila kukusudia. Ukisikiliza spika mbili, moja ikiwa juu ya nyenzake kwa desibeli 1 au 2 tu, sikio halitakwambia kwamba hii ina sauti kubwa zaidi. Litakwambia ni nzuri zaidi: ina mwili, inasikika wazi. Sababu imejulikana tangu 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walipochora mikondo ya jinsi sikio linavyosikia masafa mbalimbali. Sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii besi vizuri. Ikipanda, besi huamka. Basi asiyesawazisha viwango vya sauti kabla ya kulinganisha hajalinganisha kitu.

Na macho nayo huingilia. Floyd Toole alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa, kisha akahamia kampuni ya Harman huko Marekani. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive walichapisha matokeo ya jaribio la wafanyakazi 40 wa Harman yenyewe. Watu walewale walizipa alama spika zilezile mara mbili, mara moja wakiziona, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, spika kubwa za bei ghali za kampuni yao zilipanda, na kile kiseti kidogo cha plastiki kikashushwa. Pazia lilipowekwa, tofauti ile kubwa ikapungua na mpangilio ukabadilika. Hawa walikuwa watu wanaoishi kwa kazi ya sauti. Miaka 10 baadaye, 2004, Olive alichukua vipimo vya spika 70, akatunga fomula ya kutabiri alama ambazo msikilizaji asiyeona angezitoa, na utabiri wake ukaafikiana na alama halisi kwa uwiano wa 0.86. Kwa hiyo vipimo kamili, vya mbele ya spika na vya pembeni mwake, hukaribia sana kusema kile ambacho sikio litasema likiachwa peke yake. Tabu yetu ni kwamba vipimo kamili vya namna hiyo havipatikani kwa bidhaa nyingi zinazofika madukani kwetu. Tunapata vipande, na vipande navyo vina kazi yake.

Chukua adhana. Juu ya paa la msikiti wa mtaa kuna honi mbili au nne zilizoelekezwa pande za nyumba, za Ahuja kutoka India, za TOA kutoka Japani, au za Kichina zilizoiga umbo lao. Honi ya aina hii hutoa kama desibeli 108 ikipewa wati 1, ukipima meta 1 mbele yake. Namba hiyo mafundi huiita sensitiviti, na lau ningeruhusiwa kuchapa namba moja tu juu ya boksi la spika, ningechapa hiyo. Boksi la kawaida la sebuleni hutoa kama 90. Tofauti ya 18 yaonekana ndogo mpaka ujue desibeli zinavyohesabiwa: kila nyongeza ya 3 hudai nguvu maradufu, kila nyongeza ya 10 hudai nguvu mara kumi. Ipe honi wati 30, na meta 1 mbele yake utapata karibu desibeli 123. Sauti inaposambaa hewani hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo kwenye meta 64, nyumba kadhaa mbele, imebaki 87, na aliyelala ataamka. Lipe boksi la sebuleni wati zilezile 30. Kwenye meta 64 imebaki 69, ambayo bodaboda mmoja akipita anaifunika. Ili lifikie honi, boksi hilo lingetaka karibu wati 1,900, na koili yake ingeungua adhana haijafika nusu.

Hapo sikio halikuwa na kazi. Hesabu ya dakika mbili imetosha kulitoa boksi na kuiacha honi. Niongeze kwamba hewa yetu yenye unyevu inatusaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kwa jedwali za kimataifa za kukokotoa sauti ya nje, hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 70 hula kama desibeli 6 za sauti ya kilohezi 8 katika meta 100. Hewa ya digrii 15 iliyokauka, ya unyevu wa asilimia 20, hula kama 20. Ushauri wa kuongeza twita ulioandikwa kwa miji ya hewa kavu hauhamishiki Likoni vivyo hivyo.

Arusi ni kazi nyingine. Hema limefungwa Kiembeni au Mtongwe, wanawake wamejaa, chakacha inapigwa, mwimbaji wa taarabu ameshika maiki, vigelegele vinakatiza kila ubeti. Honi iliyofaa kwa adhana hapa ni adhabu. Nyingi za aina ile hukata karibu kila kitu kilicho chini ya hezi 300, na juu huishia kilohezi 6 hivi. Ngoma ya vumi inapotea kabisa, na udi unabaki mkwaruzo wa nyuzi bila tumbo lake. Sensitiviti ni namba ya kweli, ila imejibu swali la umbali, na arusi inauliza swali la umbali na la ukamilifu wa sauti kwa pamoja.

Tuanze na umbali, kwa kuwa ndio rahisi. Mgeni wa mwisho yuko meta 16 kutoka kwenye spika, na ili aushinde mchanganyiko wa vigelegele na mazungumzo tuseme anahitaji desibeli 90. Katika meta 16 zimepotea 24, kwa hiyo meta 1 mbele ya spika zahitajika 114. Spika ya sensitiviti 96 itafika hapo kwa wati 63. Lakini muziki hauendi kwa kiwango kimoja. Ngoma ikigongwa huruka juu ya wastani kwa desibeli 10 au zaidi, basi iwekee amplifaya akiba ya desibeli 10, yaani wati 630. Spika ya sensitiviti 88 ingetaka wati 400 za kawaida na 4,000 za kilele. Fundi anayeikodisha hii ya pili ataisukuma amplifaya mpaka ikate vichwa vya mawimbi, sauti ianze kupasuka, na twita ziungue kabla bibi arusi hajatolewa nje. Watu watasema spika ni mbovu, kumbe iliangushwa na hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Namba ya omu nayo iko hivyo hivyo. Boksi nne za omu 8 zikiunganishwa sambamba huiachia amplifaya mzigo wa omu 2, na amplifaya nyingi zimeandikwa mwisho omu 4. Sikio haliwezi kusikia omu; pua ndiyo itakayonusa moshi.

Baada ya hesabu hizo kutoa zisizofaa, zinabaki pengine spika nne au tano zinazoweza kuifanya kazi ya arusi, na hapo namba zinatuishia mkononi. Karatasi itasema "hezi 50 hadi kilohezi 20" bila kusema kati ya hapo sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi. Kauli hiyo haina thamani: spika yenye mlima wa desibeli 10 kwenye kilohezi 3, itakayofanya kila mwimbaji asikike kama anapiga kelele, inaweza kuandikwa vivyo hivyo. Huu ndio wakati wa kusikiliza, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa kuchagua wimbo.

Taarabu ya Mombasa iliwafikia wengi kwa kaseti, zile zilizouzwa na Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale, kisha tukajinakilia wenyewe nyumbani, nakala ya nakala. Kila nakala hupunguza sauti za juu. Mtu akienda dukani na Juma Bhalo wa nakala ya tatu, sasa yumo ndani ya simu, atachagua bila kujua spika yenye ukali wa kufidia ukali uliopotea kwenye kanda. Usiku wa arusi mwimbaji wa kweli anashika maiki ya kweli, na ukali ule unatoboa masikio. Toole aliuita mtego huu mzunguko wa mkanganyiko: spika hupimwa kwa rekodi, na rekodi zilitengenezwa kwa kusikilizwa kupitia spika. Njia ya kutokea ipo. Tumia sauti ya mtu unayemjua, aliye hai, aliyesimama karibu nawe. Azungumze bila maiki, kisha azungumze kwa maiki, uone ni spika ipi inayomrudisha kuwa yeye. Kwa muziki, tafuta rekodi iliyohamishwa vizuri kwenye CD au faili safi. Udi wa Zein l'Abdin unaosikika ukucha na tumbo pamoja ni mtihani mzuri kuliko wimbo wowote uliotengenezwa ili kuitikisa sabufa.

Kwa maneno, lugha yetu imetupa mtihani ambao wazungumzaji wa lugha nyingi wangeutamani. Mwambie mtu asimame kwenye maiki asome kwa mpangilio asioujua mwingine: paa, taa, kaa, faa, saa, vaa, zaa, jaa, baa, laa. Vokali ni ileile kote. Kinachobadilika ni konsonanti peke yake. Msikilizaji akae nyuma kabisa na kalamu, aandike alichosikia. Spika inayokata sauti za juu itachanganya saa na faa, kama simu za zamani zilivyofanya, kwa kuwa mkondo wake uliishia hezi 3,400 na sehemu kubwa ya sauti ya "s" iko juu ya hapo. Ukumbi unaovuma utameza paa na kaa. Hesabu alizopata kati ya 10, rudia na spika ya pili kwa sauti iliyosawazishwa, na tayari una namba iliyotoka sikioni. Wanasayansi wa Uholanzi, Houtgast na Steeneken, walifuata njia hiyo miaka ya 1970 walipobuni kipimo cha STI, kinachotoa alama kati ya 0 na 1 kwa uwezo wa mahali kupitisha maneno. Mashine yao ilithibitishwa kwa kulinganishwa na watu waliokaa wakasikiliza silabi na maneno. Nyuma ya kila kipimo cha sauti kinachofaa kuna masikio ya mtu aliyeandika alichosikia kwa uaminifu.

Mtihani huo ufanyike mahali penyewe, tena pakiwa na watu. Chukua ukumbi wa kanisa au madrasa wa meta 20 kwa 10, kimo meta 5, kuta za simiti. Ujazo wake ni meta za ujazo 1,000. Ukiwa mtupu, tuseme una unyonyaji wa sauti wa vipimo 60. Kwa kanuni ya Wallace Sabine, 0.161 mara ujazo gawanya kwa unyonyaji, mwangwi wake unadumu karibu sekunde 2.7. Waingize watu 100, kila mmoja na nguo zake akinyonya kama nusu kipimo, unyonyaji unafika 110 na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.5. Kamati inayojaribu spika Jumanne asubuhi ukumbi ukiwa mtupu inajaribu ukumbi tofauti na ule watakaoutumia.

Muziki wa matatu sitakaa nao sana. Ndani ya gari la abiria 14 kila besi inasikika kubwa kwa kuwa nafasi ni ndogo na imefungwa, kwa hiyo wati nyingi zinazowekwa humo hazina kazi. Kinachonitia wasiwasi ni masikio ya dereva na utingo. Kanuni za Kenya za kelele kazini za mwaka 2005 zinaweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku. Zilitungwa kwa ajili ya mahali pa kazi kama viwanda vya Changamwe, lakini sikio halijui kama kelele inatoka kiwandani au kwenye spika. Kelele za miaka huanza kula usikivu wa karibu kilohezi 4, palepale penye konsonanti. Fundi wa muziki aliyeharibikiwa hapo ataongeza twita mpaka asikie yeye, na wageni wenye masikio mazima wataziba yao. Anayechagua kwa sikio alipime sikio lenyewe kwanza. Kliniki za masikio zina kipimo hicho.

Nisiwaache wapenda namba wakijiona wameshinda, kwa sababu wana kesi yao. Kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zimeweka mipaka ya nje kwa maeneo ya makazi: desibeli 50 mchana, na 35 kuanzia saa 2 na dakika 1 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kipimo kinachotumika ni dB(A), mizani iliyotokana na ile mikondo ya Fletcher na Munson kwa sauti ndogo, na mizani hiyo huipunguzia sauti ya hezi 50 desibeli 30 kabla ya kuiandika. Sabufa ya hezi 50 inayofika dirishani kwa jirani ikiwa na desibeli 65 itaandikwa 35, na itapita. Ilhali sikio lenye afya huanza kuisikia sauti ya hezi 50 kwenye karibu desibeli 44, kwa hiyo jirani anaisikia waziwazi, kitandani, usiku kucha. Mashine haikusema uongo. Iliulizwa swali lisilo lake. Mizani ya C, ambayo haipunguzi hezi 50 hata kwa desibeli 2, ingemtetea jirani, na anayelalamikia ngoma za usiku Kisauni ana haki ya kuomba itumike pia.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaonunua kwa fedha za wengi: kamati za misikiti na makanisa, na vyama vya kina mama vinavyokodisha muziki wa arusi. Dai kwa maandishi sensitiviti, nguvu ya mfululizo, na omu. Muuzaji asiye nazo mshukuru uondoke. Aliye nazo, fanya hesabu ya umbali wa mahali penu, kisha mwombe spika mbili zilizofaulu ziletwe siku ya mkusanyiko, ziwekwe nyuma ya leso nyepesi zilizotundikwa, ziwashwe kwa sauti sawa, na mtu mmoja asimame mwisho kabisa na kalamu akiandika paa, taa, saa. App ya simu inatosha kusawazisha sauti mkiweka simu mahali pamoja, ijapokuwa namba yake yenyewe haifai kupelekwa kwa NEMA. Mwenye duka akikataa kuzitoa kwa siku moja, nendeni kwa mwingine. Huku kwetu hatuna uhaba wa maduka.